Gunia la sarafu, mfuko wa kufuli au kipochi cha zipu: mifuko ya zamani ya benki za miji midogo Marekani, uanze na upi?

Wiki iliyopita mdogo wangu anayekaa Omaha, Nebraska, alinitumia picha tatu kwa mpigo akiwa gulioni kwenye vitu vya zamani, chini yake kaandika "Shikamoo kaka, nna dola 60 hapa, nichukue upi?" Picha ya kwanza ni gunia la turubai la kubebea sarafu, kubwa, limepigwa chapa nyeusi ya Federal Reserve Bank of Kansas City, yaani tawi la benki kuu ya Marekani, la Omaha. Ya pili ni mfuko mnene wa kahawia wenye kufuli la shaba mdomoni. Ya tatu ni kipochi kidogo cha zipu, kimechakaa pembeni, kina jina la benki ya mji mmoja mdogo wa jimbo hilohilo, mji ambao ukiupita kwa gari unaweza usijue umeupita. Nikamjibu subiri, usilipe kitu, nikaanza kumwandikia na maelezo yakawa marefu kweli, kwahiyo nimeona niyapange hapa kwa yeyote anayetaka kuanza, manake swali lake ndo swali la kila anayeanza na hela kidogo.

Niseme mapema upande wangu. Mi nakusanya majina ya miji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na benki za biashara zaidi ya 14,000, leo hazifiki 5,000, na nyingi zilizopotea zilikuwa za hivi vimji vya wakulima vyenye barabara moja, kanisa, ghala la nafaka na benki ya matofali kwenye kona. Nyingine ziliuzwa kwa benki kubwa, hasa baada ya sheria ya 1994 kuruhusu benki kufungua matawi nje ya majimbo yao, nyingine zilikufa na madeni ya wakulima miaka ya 1980, na kabla ya hapo kuna zile maelfu zilizofungwa kati ya 1930 na 1933. Jengo unakuta limeshakuwa saluni au mgahawa, kibao kimeng'olewa, na kitu pekee kinachosema kwamba pale palikuwa na benki yenye jina lake ni mfuko uliosahaulika kwenye droo ya jikoni kwa mtu. Sasa ukilijua hilo ndo utaelewa kwanini majibu yangu yameegemea nilikoegemea.

Tuanze na kazi ya kila mmoja, kwasababu watu wanachanganya sana.

Gunia la sarafu halikuwa la mteja. Lilitembea kati ya kiwanda cha sarafu, Federal Reserve na benki. Sarafu zinahesabiwa, zinamiminwa ndani, mdomo unafungwa, halafu unabanwa lakiri ya madini ya risasi ili mtu akifungua njiani ijulikane. Na kila gunia lina kiwango chake maalumu: senti mojamoja zinaingia 5,000, yaani dola 50, za senti tano zinaingia 4,000, yaani dola 200, za senti kumi, robo dola na nusu dola gunia lake ni dola 1,000. Piga hesabu ya uzito uone. Sarafu ya senti tano ni gramu 5, mara 4,000 unapata kilo 20. Zile dola kubwa za zamani za madini ya fedha, elfu moja kwenye gunia, zinakaribia kilo 27, hiyo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa simenti. Ndo maana mshono wa chini wa gunia la kweli umepigwa mara mbili na uzi wake ni mnene, lilitengenezwa libebwe na kurushwa sakafuni.

Mfuko wa kufuli ni wa mfanyabiashara. Benki zilikuwa zinafunga mchana, duka linafunga usiku, na hela ya mauzo hutaki kulala nayo nyumbani. Kwahiyo benki inaweka tundu la chuma ukutani upande wa barabarani, mwenye duka anahesabu, anaweka hela na slipu yake ndani ya mfuko, anafunga kwa ufunguo na kuudumbukiza kwenye lile tundu, unateleza hadi kwenye sefu ndani. Asubuhi unafunguliwa. Turubai lake ni zito kuliko yote matatu, mdomo una chuma, na mingi ina namba iliyogongwa kuonyesha ni wa mteja gani. Ukiukuta angalia kufuli, mara nyingi utasoma jina la A. Rifkin Co. ya Wilkes-Barre, Pennsylvania, hao ndo walijulikana sana kwa kazi hii.

Kipochi cha zipu ni ndugu mdogo. Kimo kama cha bahasha ndefu, turubai jepesi kidogo, zipu ya shaba juu, na benki ilikuwa inampa mteja wake bure huku imejitangazia jina humohumo. Mwenye duka la mbegu, fundi viatu, mchungaji mwenye sadaka za Jumapili, mke wa mkulima mwenye hela ya mayai, wote hao walikuwa nacho.

Sasa ukiviweka pamoja mezani.

Kwenye jina la mji, kipochi cha zipu kinawashinda wenzake mbali sana. Kilitengenezwa ili kisomwe, kwahiyo unakuta jina la benki, mji, jimbo, wakati mwingine namba ya simu ya tarakimu mbili tu, kwasababu mji mzima ulikuwa unaunganishwa na opereta mmoja. Magunia ya sarafu mengi yameandikwa jina la Federal Reserve au la kiwanda cha sarafu, Denver au Philadelphia, mji mdogo haupo kabisa. Yapo yenye majina ya benki za vijijini na hayo nayapenda mno, ila ndo utatafuta. Mfuko wa kufuli uko katikati, mwingine umeandikwa vizuri, mwingine una namba peke yake na hutokaa ujue ulitoka wapi. Na hapa niongeze kitu: jina la benki bila mji halikusaidii. First National Bank ziko majimbo mengi, Farmers & Merchants ziko majimbo mengi, Peoples State Bank hivyohivyo. Kama mji haujaandikwa, umenunua turubai.

Kwenye kujua umri napo kipochi kinashinda, na hapa ndo raha yenyewe ilipo kwahiyo nivumilieni.

Soma maneno madogo ya chini kabla ya kusoma jina kubwa. Ukiona Member FDIC, hiyo ni bima ya amana ya serikali iliyoanzishwa kwa sheria ya 1933, na bima yenyewe ikaanza kufanya kazi Januari 1, 1934, mwanzoni ikimlinda mwenye akaunti hadi dola 2,500. Kwahiyo mfuko wenye hayo maneno hauwezi kuwa wa kabla ya hapo, hata muuzaji aape. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu, benki nyingine hazikuandika tu. Halafu angalia anwani. Namba za posta za tarakimu tano zilianza Julai 1, 1963, na vifupisho vya majimbo vya herufi mbili vikaja mwaka huohuo. Kwahiyo Minn. (Minnesota) na Nebr. (Nebraska) ni mtindo wa zamani, MN ni kuanzia 1963. Na Nebraska ina kitu chake peke yake ambacho mi huwa kinanifurahisha kila nikikiona: mwanzoni ilipewa NB, ikaja kubadilishwa kuwa NE mwaka 1969 kwasababu NB iligongana na New Brunswick ya Kanada. Maana yake kipochi kilichoandikwa NB kimechapishwa ndani ya miaka kama sita tu. Hakuna muuzaji atakayekwambia hilo, na mara nyingi hata hajui.

Zipu nayo inasema. Geuza kile kishikio kidogo usome, ukikuta Talon hiyo ilikuwa kampuni ya Meadville, Pennsylvania, ndo walioifanya zipu iwe kitu cha kawaida, na jina lenyewe la zipu lilienea kuanzia 1923 kupitia viatu vya mpira vya B.F. Goodrich. Kwahiyo ukiambiwa kipochi cha zipu kilikuwepo enzi za majambazi wa farasi, ondoka kwa heshima.

Hilo la majambazi lizingatieni sana. Nilishakutana na muuzaji kaskazini mwa Iowa, mtu mzima, mkarimu, alinikaribisha na kahawa kabisa, akanionyesha kipochi akasema hiki kilikuwepo benki siku John Dillinger, yule jambazi wa benki, na genge lake walipovamia Mason City. Tukio ni la kweli kabisa, lilikuwa Machi 13, 1934, First National Bank, wakaondoka na kama dola 52,000. Ila kwenye kile kipochi chini ya jina kulikuwa na namba ya posta ya tarakimu tano. Nilimwonyesha kwa kidole, taratibu, nikamweleza, akavaa miwani akakisoma tena kama mara ya kwanza anakiona. Sidhani alikuwa ananidanganya, aliuziwa na hadithi yake na yeye akaipitisha. Ndivyo hivyohivyo na Northfield, Minnesota, ambako genge la majambazi la James na Younger lilishindwa kuiba benki Septemba 7, 1876, jengo la ile benki leo ni makumbusho na kila anayeuza mfuko eneo lile ana ndoto ya kuuhusisha nao. Nunua mfuko, hadithi isikupandishie bei.

Gunia la sarafu lenyewe kulijua umri ni gumu zaidi, labda liwe limeandikwa mwaka, na mengi ya kiwanda yameandikwa. Hapo kuna mtego mmoja: kuanzia 1999 kiwanda cha sarafu cha Marekani kiliwauzia wakusanyaji robo dola za majimbo hamsini zikiwa ndani ya mifuko ya turubai, ya sarafu 100 na ya 1,000. Ni mifuko halali, mizuri, lakini haijawahi kufanya kazi, na mtu akikuuzia kwa bei ya zamani amekuumiza.

Kwenye kugushi, gunia ndo linaongoza kwa hatari. Kitambaa cha pamba ni rahisi kupata, mhuri wa kukata ni rahisi kutengeneza, chai au kahawa ya kulipaka uzee iko kila jiko. Mimi mwenyewe nililipia moja mtandaoni, picha nzuri, lilipofika nikalinusa, linanukia kahawa. Tangu siku hiyo nafanya hivi: naligeuza gunia ndani nje, naenda kwenye mshono wa chini, napanua nyuzi kwa ukucha na kumulika tochi. Gunia lililobeba sarafu kweli lina vumbi la kijivu linaloelekea weusi, laini kama masizi, limejibana kwenye mshono na halitoki hata ukikung'uta, ukipitisha kidole kinabaki na weusi unaong'aa kidogo. Ni madini ya sarafu yaliyosagika kidogokidogo miaka na miaka. Hilo mtu wa kahawa hawezi kulitengeneza. Tazama na wino: chapa ya zamani imezama ndani ya uzi, na pale kitambaa kilipokunjwa wino umekatika pamoja na kunjo, ila ya juzi imekaa juu kama rangi ya ukutani. Na gunia lenye alama kubwa ya dola na hakuna kingine, kama la kwenye katuni, hilo ni pambo.

Kipochi cha zipu hakigushiwi sana, bei yake haimlipi mtu kusumbuka. Uchakavu wake ni wa mkono: pembe moja imelainika kuliko nyingine, pale kidole gumba kiliposhika wakati wa kuvuta zipu pamekuwa peusi, na ndani unaweza kukuta kovu la kutu la klipu ya karatasi au mpira wa kufungia noti ulioyeyuka ukaganda.

Mfuko wa kufuli shida yake sio kugushi, ni ufunguo. Mingi inauzwa bila ufunguo, na kama umefungwa hujui ndani kuna nini wala kitambaa kikoje. Nilinunua mmoja umefungwa, nikampelekea fundi wa funguo, akalazimisha, kufuli likafunguka ila ulimi wake ukapinda na turubai likachanika pale linaposhikana na chuma. Ningeuacha umefungwa ungekuwa mzima hadi leo. Kwahiyo kama unautaka huo, tafuta ulio wazi na ufunguo wake, na ujaribu palepale mara tatu nne. Ukiupata hivyo ni kitu cha heshima kweli, mlio wa lile kufuli likijibana hausahauliki, na wanaopenda makufuli watakushindania, ndo maana bei yake huwa juu.

Nafasi nyumbani nitapita haraka. Gunia linapendeza ukutani, moja au mawili, kumi ni mzigo. Mifuko ya kufuli ni mizito na migumu, haikunjiki. Vipochi hamsini vinaingia kwenye boksi moja la viatu, au mawili.

Kuhusu kitambaa niseme kidogo, kwasababu sisi tunaongea Kiswahili na kitambaa hiki si kigeni kwetu. Bibi yangu Tanga alikuwa anaita merikani ile pamba nzito isiyopaushwa, na jina ni hilohilo la nchi. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara 1833, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanashusha Zanzibar pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya huko kwao, ikaenda bara hadi ikawa inatumika kama hela. Mara ya kwanza nilipoliingiza mkono gunia la sarafu, kabla sijasoma hata neno moja, vidole vilikumbuka ile merikani ya bibi, ule ukakasi na zile punje ndogo za mbegu ya pamba zilizobaki kwenye uzi. Kama kwenu kuna mtu mzima aliyewahi kuishika, mpe gunia alishike.

Na kwasababu ni pamba isiyopaushwa, usifue. Nawaomba sana. Nilifua kimoja changu cha kwanza kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikafikiri natunza, kikatoka kimerudi ndani upande mmoja, zipu imejikunja kama nyoka, na jina la mji limebaki kivuli. Mji wenyewe ulikuwa na benki moja tu tangu uanzishwe. Sasa hivi natumia brashi laini kavu, napeperusha kivulini, sianiki juani kwasababu jua linakula wino. Zipu ikigoma nasugua meno yake na ncha ya penseli, inateleza. Nahifadhi vikiwa vimelala flati na karatasi isiyo na asidi katikati, mahali pakavu, manake ukungu ukiingia kwenye pamba harufu yake haitoki. Na ukikuta lakiri ya risasi bado inaning'inia kwenye gunia, iache ilipo, inaongeza thamani, ila nawa mikono ukimaliza na usimpe mtoto acheze nayo.

Kitu kimoja nje ya hayo matatu: gulioni wanachanganya na mifuko ya turubai ya posta. Hiyo ni mali ya shirika la posta la Marekani na kuwa nayo kunaweza kukuletea shida ya kisheria, iache.

Kwa hiyo nikamwandikia mdogo wangu hivi. Kama unataka kitu kimoja cha ukutani sebuleni na hutaki kuendelea, chukua gunia, hakikisha mshono wa chini. Kama unapenda vitu vinavyofanya kazi, vyenye mtambo, subiri mfuko wa kufuli wenye ufunguo, huo wa kwako hauna. Kama unataka kukusanya kweli, kila Jumamosi una kitu cha kutafuta na ramani ya jimbo ukutani unaweka pini, chukua kipochi. Nikamuuliza, anwani imeandikwaje? Akanitumia picha ya karibu. Chini ya jina la benki, herufi ndogo za bluu, nusu zimefutika: Member FDIC, halafu mji, halafu NB.

Muuzaji alikuwa anataka dola 18, wakakubaliana 14. Jumapili akaendesha saa mbili hadi kwenye huo mji, akakuta benki imekuwa duka la maua, akamwonyesha mama mwenye duka kile kipochi. Yule mama akamwambia tundu la usiku bado lipo ukutani upande wa uchochoroni, limepakwa rangi juu, akatoka naye akamwonyesha. Amenitumia picha, kipochi kakishikilia mbele ya lile tundu.